Kibali cha Kucheza England Kinatafutwa Miaka Miwili Kabla ya Ombi

Mwishoni mwa Januari 2010 Manchester City ilikuwa imeshaelewana na Parma ya Italia juu ya McDonald Mariga, kiungo wa Harambee Stars. Fedha zilikuwepo, klabu ilimtaka, mchezaji mwenyewe alikuwa tayari. Kilichokosekana ni kibali cha kazi. Kanuni za wakati ule zilimtaka mchezaji anayetoka nje ya Ulaya awe amecheza asilimia 75 ya mechi za ushindani za timu yake ya taifa kwa miaka miwili iliyotangulia, na taifa lenyewe liwe, kwa wastani wa miaka hiyo miwili, ndani ya nafasi 70 za juu za FIFA. Kenya ilikuwa imegusa nafasi ya 68 Desemba 2008, kisha ikaporomoka. Waziri Mkuu wa Kenya wa wakati huo, Raila Odinga, alijaribu kumwombea kwa Waingereza, lakini dili halikuiva. Mariga akatua Inter Milan, na Mei mwaka huohuo alikuwa kwenye kikosi kilichobeba ubingwa wa Italia, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa wa Ulaya.

Kwenye vijiwe habari hii husimuliwa kama kisa cha bahati: aliyenyimwa City akapewa Inter. Kijana mwenye ndoto ya Ulaya, na mzazi wake, wangefaidika zaidi kwa kutazama kile kilichoulizwa mezani. Hakuna aliyeuliza kama Mariga anajua mpira. Waliuliza hesabu, na hesabu hiyo ilikuwa imeshafungwa kwa mechi za miezi ishirini na minne iliyopita. Siku ya kuomba, hapakuwa na la kurekebisha.

Kanuni zimebadilika mara kadhaa tangu hapo, ila tabia hiyo haijabadilika. Ndiyo maana ushauri wangu wote katika makala haya unaanzia pale: usijiandae kwa ajili ya ombi, jiandae kwa ajili ya kipindi kitakachohesabiwa.

Kwanza tujue nani anaamua. Watu husema "ubalozi umemnyima" kana kwamba kuna ofisa mmoja aliyemtazama kijana usoni akatikisa kichwa. Milango ni miwili. Wa kwanza ni wa chama cha soka: FA kwa England, na vyama vya Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kwa klabu za kwao. Chama hutoa idhini kwamba mchezaji huyu ana kiwango kinachostahili. Mlango wa pili ni wa serikali, yaani viza ya mwanamichezo wa kimataifa, ambayo haiombwi bila ile idhini na bila hati ya udhamini kutoka kwa klabu yenye leseni ya kudhamini. Anayeomba idhini ni klabu. Si mchezaji, si mzazi, si wakala, si kaka aliyeko Leicester. Kwa hiyo mtu akikuambia anaweza "kukushughulikia kibali cha kucheza England" na hakuna klabu iliyotajwa kwa jina, mazungumzo yameishia hapo. Weka simu chini.

Tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, England inatumia mfumo wa pointi, na Mfaransa anapimwa kwa mizani ileile ya Mtanzania. Waliobaki nje ya mizani ni Waingereza wenyewe na raia wa Ireland. Pasi ya Ureno au ya Ubelgiji, ambayo zamani ilikuwa ufunguo, haifungui tena mlango huu kwa anayekuja sasa. Nalisema hili kwa sababu bado wapo wanaoahidi vijana uraia wa nchi ya Ulaya kama njia ya mkato ya Ligi Kuu ya England.

Mchezaji anatakiwa kufikisha pointi 15. Zinapatikana wapi? Katika mechi za ushindani za timu ya taifa ya wakubwa, katika dakika alizocheza kwenye ligi ya nyumbani ya klabu yake, katika dakika za mashindano ya klabu ya bara, katika nafasi ambayo klabu imemaliza kwenye ligi, katika umbali ambao klabu imefika kwenye mashindano ya bara, na katika ubora wa ligi inayomuuza. Ligi za dunia zimepangwa katika madaraja sita. La juu lina zile kubwa tano za Ulaya. La pili, mfumo ulipoanza, lilikuwa na ligi kama ya Uholanzi, Ureno, Ubelgiji na Uturuki. Ligi ambazo hazikutajwa popote zinaangukia daraja la sita, na huko ndiko ziliko ligi zetu. FA huipitia orodha hii mara kwa mara, kwa hiyo anayepanga safari aitazame ya msimu husika, asitegemee aliyoisikia redioni mwaka juzi.

Upande wa timu ya taifa ndiko kwenye uchungu wetu. Taifa lililo katika kumi bora humpa mchezaji wake njia ya moja kwa moja kwa kucheza asilimia 30 tu ya mechi za ushindani. Kadiri taifa linavyoshuka, ndivyo asilimia inavyopanda, mpaka kufikia 70 kwa walio kati ya nafasi ya 31 na ya 50. Baada ya 50 njia hiyo ya moja kwa moja haipo. Unaweza kuwa nahodha wa Taifa Stars ya Tanzania, The Cranes ya Uganda au Intamba mu Rugamba ya Burundi, ukacheza kila dakika ya kufuzu AFCON na Kombe la Dunia, na safu hiyo ya karatasi yako bado isikuvushe.

Ni dhuluma, na sioni sababu ya kulipaka jambo hili rangi nyingine. Mchezaji anahukumiwa kwa uzembe wa watu wenye suti. FIFA ilipoifungia Kenya kuanzia Februari hadi Novemba 2022 kwa mvutano kati ya serikali na shirikisho, Harambee Stars ilipoteza hata nafasi ya kuwania kufuzu AFCON iliyofuata. Kiungo wa Kenya aliyekuwa na miaka 22 wakati huo alifanya kosa gani? Lakini kulalamikia mizani hakuongezi uzito. Kama safu moja imefungwa, kaa chini uhesabu zilizobaki, na zilizobaki karibu zote zinahusu klabu unayoichezea.

Ndiyo maana safari ya Mbwana Samatta inafaa kusomwa upya, safari hii kwa jicho la karani na si la shabiki. Alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011. Hakukimbilia Ulaya. Alikaa Mazembe hadi wakatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huohuo akasaini Genk ya Ubelgiji. Akakaa huko miaka minne. Akawa bingwa wa Ubelgiji mwaka 2019, akatwaa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ile, na Novemba mwaka huo akafunga bao dhidi ya Liverpool palepale Anfield katika Ligi ya Mabingwa. Januari 2020 Aston Villa ilipomtaka, Tanzania ilikuwa mbali kabisa na 50 bora ambayo kanuni za wakati huo nazo ziliidai. Kwa mlango wa taifa asingepita. Kilichombeba ni miaka ya kucheza kila wiki katika ligi inayoheshimika, mabao, mashindano ya Ulaya na fedha ambazo Villa ilikuwa tayari kulipa. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England.

Victor Wanyama, mdogo wake Mariga, naye alipitia Ubelgiji, Beerschot, kabla ya Celtic ya Scotland mwaka 2011 na Southampton mwaka 2013. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton. Soka la wanawake England lina vigezo vyake na orodha yake ya ligi, lakini ramani ni ileile: kituo cha kati kwanza.

Mfano ninaoupenda zaidi si wa kwetu. Agosti 2021 Brighton ilimnunua Kaoru Mitoma kutoka Kawasaki Frontale ya Japan ikijua wazi kwamba hatapata kibali. Alikuwa hajaichezea Japan ya wakubwa hata mechi moja. Hawakubishana na FA wala kutafuta mtu wa kuwapigia simu. Walimpeleka kwa mkopo Union Saint-Gilloise ya Ubelgiji, klabu ambayo mmiliki wa Brighton alikuwa na hisa ndani yake, akacheza msimu mzima. Novemba mwaka huo akaichezea Japan kwa mara ya kwanza, Muscat, dhidi ya Oman, akiingia baada ya mapumziko na kutoa pasi ya bao la ushindi. Mwaka 2022 akarudi England, karatasi zikapita bila kelele. Klabu yenye akili inanunua kwanza na kutengeneza pointi baadaye. Kwa hiyo ukisikia klabu ya England inakutaka lakini itakupeleka kwa mkopo kwanza, usione umedharauliwa. Uliza unapelekwa wapi, daraja lipi, na kocha wa huko anakuhitaji kwa kiasi gani.

Hilo swali la kocha ndilo linalosahaulika, na hapo ndipo vijana wengi hupotea. Mfumo huu unahesabu dakika. Kijana anayecheza asilimia 80 ya dakika za klabu ya kawaida Ubelgiji ana karatasi nzito kuliko anayesugua benchi katika klabu kubwa ya ligi hiyohiyo. Familia huona jina la klabu, picha ya kutambulishwa, jezi. Karani wa FA haoni vitu hivyo. Kabla ya kusaini na klabu ya kati, muulize wakala wako maswali ambayo hayana uhusiano wowote na mshahara. Kuna wachezaji wangapi kwenye nafasi yangu? Aliyeko ana mkataba wa hadi lini? Kocha aliyenitaka atakuwepo msimu ujao? Klabu inacheza mashindano ya Ulaya au inapigania kutoshuka? Wakala asiyeweza kujibu hajafanya kazi yake, hata kama ana gari zuri.

Na wanaobaki nyumbani wasikate tamaa mapema. Ligi yetu iko daraja la mwisho, ndiyo, na Ligi ya Mabingwa Afrika haina uzito wa ile ya Ulaya au wa Copa Libertadores ya Amerika Kusini katika hesabu za FA. Lakini hesabu za FA si lengo la hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza ni kumshawishi mtafuta vipaji wa Ubelgiji, Sweden, Denmark au Austria, na huyo haangalii pointi. Anaangalia unavyocheza dhidi ya Al Ahly au Mamelodi Sundowns. Robo fainali moja ya Afrika ukiwa na Simba au Yanga inaweza kukuuza kuliko misimu mitatu ya kuzifunga timu za mkiani. Usichoke tu kuitumikia timu ya taifa kwa sababu haikuvushi England. Ligi nyingine hazina kizuizi hicho, na AFCON bado ni soko.

Kuna jambo dogo la makaratasi ambalo wachezaji wetu hulidharau: jeraha. Mechi ulizokosa kwa sababu ya kuumia au kufungiwa zinaweza kuondolewa kwenye hesabu, ili usiadhibiwe kwa dakika ambazo usingeweza kuzicheza, mradi kuna ushahidi wa maandishi. Ripoti ya daktari wa klabu, tarehe ya kuumia, tarehe ya kurudi. Kijana aliyekaa nje miezi minne kwa goti bila karatasi yoyote anaonekana mbele ya FA kama mtu ambaye kocha hakumtaka. Kila unapoumia, omba nakala, ipige picha, itume kwa mtu unayemwamini. Fanya hivyo hata kama unacheza Songea au Kisumu.

Pointi zikikosekana kidogo, kuna nafasi mbili za kupumulia. Tangu mfumo uanze, klabu ya mchezaji mwenye kati ya pointi 10 na 14 imeweza kuomba jopo maalumu litazame kesi yake, na jopo halilazimiki kukubali. Tangu katikati ya 2023 kuna pia nafasi maalumu za kila klabu: Ligi Kuu na Championship hadi wachezaji wanne, madaraja mawili yanayofuata hadi wawili, ambao husajiliwa kwa masharti mepesi zaidi. Idadi ya nafasi ambazo klabu inapewa inategemea dakika inazowapa wachezaji wenye sifa ya kuichezea England. Hii ina maana kwamba klabu mbili zinazokutaka kwa nguvu sawa zinaweza kuwa na uwezo tofauti kabisa wa kukupata: moja imeshajaza nafasi zake, nyingine bado ina mbili. Mwambie wakala aulize. Si siri ya serikali.

Sasa mzazi wa mtoto wa miaka 15 au 16. Hapa nitakuwa mfupi na mkali. Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa katika hali chache, kama vile wazazi kuhamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusu mpira. Ndani ya Umoja wa Ulaya kuna nafuu kati ya miaka 16 na 18, na England ilipoteza nafuu hiyo ilipotoka. Kwa hiyo hakuna akademi ya England inayoweza kumsajili mwanao kutoka Mwanza au Mombasa leo. Anayekuambia ipo, anataka pesa yako. Saido Berahino na Gaël Bigirimana, wote wazaliwa wa Bujumbura, walikulia katika akademi za England kwa sababu familia zao zilikwenda kule kama wakimbizi, wala si kwa sababu ya wakala. (Bigirimana, aliyefika hadi Newcastle United, mwaka 2022 alikuja kukipiga Yanga, safari za mpira hazina upande mmoja.)

Wakala halali ana leseni ya FIFA, na jina lake linapatikana kwenye orodha ya FIFA ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuifungua. Mkataba wa uwakilishi na mchezaji hauruhusiwi kuzidi miaka miwili. Kwa mtoto, wakala haruhusiwi hata kumfuata bila ridhaa ya maandishi ya mzazi, na si mapema kuliko miezi sita kabla ya umri ambao sheria za nchi yake zinaruhusu mkataba wa kwanza wa kulipwa. Ukiletewa karatasi ya miaka mitano, yenye sehemu ya "gharama za usajili" ulipe wewe, usibishane. Rudisha karatasi.

Majaribio nayo yana utapeli wake. Viza ya kawaida ya mgeni inaruhusu mchezaji kufanya majaribio Uingereza, mradi si mbele ya watazamaji waliolipa, na haimruhusu kulipwa na klabu kwa kucheza. Kwa hiyo "utaingia kwa viza ya mgeni, ukifaulu utabaki ucheze" ni maelekezo ya kuvunja sheria, na anayekamatwa ni wewe. Ukifaulu, unarudi nyumbani, klabu inaomba idhini, kisha unaomba viza inayostahili.

Hiyo viza ina mambo yanayokwamisha watu waliokwisha kuvuka kigingi kikubwa. Anayekwenda kwa zaidi ya miezi 12 anatakiwa kuonyesha Kiingereza cha ngazi ya A1, ngazi ya chini kabisa, lakini kwa mtihani unaotambulika. Waombaji kutoka nchi zetu wanaokaa zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu katika vituo vilivyoidhinishwa, si hospitali yoyote ya karibu. Pasi iwe na muda wa kutosha, na majina yafanane na ya cheti cha kuzaliwa na ya usajili wa klabu. Tarehe ya kuzaliwa vilevile. Waliopunguza miaka walipokuwa kwenye mashindano ya shule wanajua ninachosema, na ni heri wapate wakili mapema kuliko kuulizwa na ofisa wa viza.

Mwisho, mkataba. Kanuni za FIFA zinasema uhalali wa mkataba wa mchezaji hauwezi kufungwa kwenye sharti la kufaulu vipimo vya afya au kupata kibali cha kazi. Klabu ikishasaini, haiwezi kukugeuka baadaye ikasema kibali kimekataliwa hivyo hakuna mkataba. Klabu zinalijua hilo, ndiyo sababu huchelewa kusaini na kupenda kukuachia maneno matamu: karatasi yako iko mezani, maliza mambo na klabu yako, njoo. Usimalize mambo yoyote. Usivunje mkataba ulio nao, usigome mazoezi, usiage mashabiki mtandaoni kwa ahadi ya mdomo, maana dakika unazozikosa huku ukisubiri ndizo ambazo klabu ya pili itazihitaji kama ya kwanza ikishindwa. Omba klabu inayokutaka iandike kwa klabu yako, wewe unakiliwe, na ieleze imehesabu pointi ngapi na pengo liko wapi. Hesabu hiyo wanayo. Hakuna klabu ya England inayotuma ofa bila mtu wake kuifanya kwanza.